Shiraz Si Mshirazi

Divai nyekundu iitwayo Shiraz haikutoka Shiraz. Naanza na hilo kwa sababu mtaalamu aliyekuja kutufundisha kuimimina, kwenye mgahawa mmoja wa Kimihurura ninakofanya kazi ya mezani, alianza na kinyume chake. Alisema zabibu hiyo ililetwa Ufaransa kutoka Uajemi na askari wa vita vya msalaba, ikapandwa kwenye kilima cha Hermitage juu ya mto Rhône, na ndiyo maana eti ina roho ya Mashariki. Hadithi tamu, na wateja wanaipenda. Ila mwishoni mwa miaka ya 1990 wachunguzi wa California na Montpellier walipima vinasaba vya mmea wenyewe wakawakuta wazazi wake: Dureza na Mondeuse Blanche, zabibu mbili za kusini-mashariki ya Ufaransa ambazo hata Wafaransa wengi hawazijui. Mtoto wa kijiji kabisa. Uajemi hajawahi kuiona.

Kwetu sisi wa Kiswahili jambo hili lina utani wake. Pwani wapo Washirazi. Habari za kale za Kilwa zinasema masultani wa kwanza walitoka Shiraz kwa majahazi saba, na mwaka 1957 jina hilo likaingia mpaka kwenye chama cha siasa kule Zanzibar, Afro-Shirazi. Wasomi kadhaa waliona ni watu wa kujipandisha cheo tu. Halafu mwaka 2023 ukatoka uchunguzi wa vinasaba vya mifupa ya makaburi ya kale, ya Mtwapa, Manda, Kilwa na kwingineko, ukaonyesha damu ya Uajemi kweli, hasa upande wa baba, imechanganyika na ya akina mama Waafrika tangu yapata mwaka 1000. Kumbe anayeuzwa kwa bei kubwa kama Mwajemi ndiye mwongo, na aliyechekwa alikuwa na lake la kusema.

Tuje kwenye chupa yenyewe. Ilikuwa Shiraz ya Barossa, Australia ya Kusini, divai ya hali ya juu, kileo asilimia 14.5, chupa moja inazidi kodi ya chumba changu ya mwezi. Rangi yake nzito, karibu nyeusi, ukingoni zambarau. Mtaalamu alitugawia karatasi ya ladha za kukariri: tunda fulani jeusi la miibani Ulaya, plamu, pilipili manga, ngozi, vanila. Tukaambiwa mteja akiuliza tutaje tatu.

Pilipili manga ipo, sibishi. Mwaka 2008 Waaustralia waliitambua kemikali yenyewe, rotundoni, iliyomo kwenye zabibu hii na kwenye pilipili manga vilevile, na wakaona kwamba mtu mmoja kati ya watano hivi hawezi kuinusa kabisa. Kwa hiyo mezani pa watu watano mmoja huenda anaitikia tu kwa adabu. (Na hilo jina! Manga ni Uarabuni, ilhali pilipili yenyewe asili yake India. Tuliipa jina la waliotuletea.) Plamu ndiyo ilinisumbua. Mimi plamu nitaijulia wapi? Nilichokipata ulimini ni kinyomoro kilichoiva sana, pale karibu na ganda penye uchachu na uchungu kidogo. Nilipomwambia mtaalamu, alicheka akasema mteja hatakielewa. Mteja gani? Meza ya pembeni walikuwa wamekaa Wanyarwanda wanne, na vinyomoro viko kila soko la mji huu. Wazee wenye Kifaransa huviita pruni za Japani, yaani plamu hiyohiyo, japo mmea wake ulitoka milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Kila kitu hapa kinatembea na pasipoti ya mwingine.

Lakini aliyeionja hiyo divai vizuri kuliko sisi wote ni mama mdogo. Chupa za mafunzo zilizobaki tuligawana. Mimi nikapata moja iliyobaki nusu, nikaipeleka nyumbani Gikondo. Yeye mnywaji wake ni kasiksi ya kwao Masisi, na hapa urwagwa: ndizi zivishwe shimoni, zikamuliwe kwa nyasi, utiwe unga wa mtama, ungoje siku mbili tatu. Anajua kitu kilichochacha kwa bahati na kilichochachuliwa kwa akili. Nikammiminia kwenye kikombe cha chai. Hakuzungusha. Akanusa mara moja, akanitazama.

"Hii iko na inturusu ndani. Sawa ile majani tulikuwa tunajifukiza nayo kule kambini."

Nikanusa tena. Ilikuwepo! Inturusu, mkaratusi, wazi kabisa, juu ya tunda na pilipili, ubaridi ule unaopanda puani. Karatasi haikuitaja. Na mantiki iko, maana mkaratusi ni mti wa Australia. Ukiota karibu na shamba la mizabibu, mafuta ya majani yake hutua kwenye zabibu na kuingia mpaka kwenye divai. Mti huohuo wamisionari na wakoloni waliupanda kwenye vilima vyetu mwanzoni mwa karne ya 20, mpaka leo mtoto wa Karongi anadhani ni wa Mungu na babu zake. Mama mdogo, ambaye hajavuka Gisenyi na Kigali, alionja Australia kwenye chupa kwa sababu Australia ilishamfikia jikoni.

Hapo ndipo ninapogombana na ile hadithi ya Uajemi. Anayekunywa akisikilizia Mashariki hatausikia mkaratusi. Na hadithi ya kweli ya divai hii ni nzuri zaidi. Mwaka 1832 James Busby alifikisha Sydney vipandikizi alivyovikusanya Ufaransa na Uhispania. Hii ya kwetu aliiandika "Scyras", mara nyingine "Ciras". Aliyewahi kusimama mbele ya meza ya usajili, akatoka na jina la baba yake limekatwa herufi mbili, anaelewa Syrah iligeukaje Shiraz. Walioipanda Barossa walikuwa wengi wao Walutheri wa Prussia, waliokimbia mfalme aliyewalazimisha wote wasali kwa namna moja. Wa kwanza walifika Australia ya Kusini mwaka 1838, na mizabibu iliyopandwa Langmeil mwaka 1843 inazaa hadi leo. Kule Ufaransa, tangu miaka ya 1860, mdudu wa mizizi aliangamiza mashamba, ikabidi mizabibu iunganishwe na mashina ya Amerika. Mdudu huyo hakufika Barossa. Baadhi ya mizabibu mizee kabisa ya Shiraz duniani, yenye miguu yake yenyewe, iko ugenini, na ilipandwa na wakimbizi. Mtaalamu hakulisema hilo, na chumbani tulikuwemo watatu wenye kadi za ukimbizi.

Wazazi wangu Masisi waliambiwa rudini kwenu Rwanda. Kadi yangu hapa Rwanda inasema nchi ya asili: Kongo. Mimi nilizaliwa Kiziba, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 juu ya ziwa Kivu, na mgeni akiniuliza ninapommiminia "wewe unatoka wapi?" najibu Kiziba, nione atauliza nini tena. Wengi wanarudi kuuliza habari za divai.

Basi niwaambie habari za divai. Ni nzuri, ila si kwa bei ile. Pipa zake ni za mwaloni wa Marekani, na vanila imezidi. Dakika kumi za kwanza unakunywa seremala. Kileo kinachoma kooni ikimiminwa na joto la mchana wa Kigali, kwa hiyo waambieni wawaletee imepoa kidogo, nusu saa kwenye friji, hata kama mhudumu atashangaa. Ikishapata hewa, lile tunda zito linatulia, pilipili inasogea mbele, na inturusu inabaki mpaka mwisho, ndefu. Msiinywe na samaki wa ziwa, itamfunika. Inataka mishikaki ya mbuzi yenye mafuta, iliyoungua pembeni, na ndizi ya kuchoma.

Siku ya tatu ilikuwa imeanza kuchachuka. Mama mdogo aliimwaga yote kwenye sufuria ya maharage, akaongeza kitunguu.