Katikati ya Safari: Tahakiki ya Hekalu la Nkamba

Kila jioni nikitoka chuoni humwambia dereva wa pikipiki neno moja tu: "Sonatubes." Ni jina la kiwanda cha mabomba lililogeuka kuwa jina la njia panda ya Kicukiro. Jina hilo ndilo lililonifundisha kusoma jengo ninalolijua kwa picha na maandishi tu, hekalu la Nkamba.

Nkamba ni kijiji cha magharibi mwa Kongo alikozaliwa Simon Kimbangu mwaka 1887. Mwaka 1921 alihubiri na kuponya wagonjwa hapohapo. Mwaka huohuo Wabelgiji walimkamata, mahakama ya kijeshi ikamhukumu kifo, kisha Mfalme Albert akaibadili adhabu kuwa kifungo cha maisha. Mabaki yake yalirudishwa Nkamba mwaka 1960. Hekalu lilikamilika mwaka 1981, na waumini wa kanisa lake hupaita Yerusalemu Mpya.

Nikilichukulia hekalu hili kama matini, dhamira yake iko wazi: kijiji ambacho wakoloni walitaka kukinyamazisha kimekuwa kitovu. Hilo naliunga mkono. Tatizo langu ni muundo. Kuzaliwa, kuhubiri na kaburi vimekusanywa mahali pamoja, kana kwamba mtu huyu hakuondoka kamwe. Kumbe alihubiri miezi michache tu, kisha akakaa gerezani miaka 30 huko Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, hadi alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Karibu nusu ya umri wake iko nje ya hadithi inayosimuliwa na jengo, tena katika mji wa Waswahili wenzetu.

Linganisha na Lumbini, Nepal. Hekalu la Maya Devi linaonyesha alipozaliwa Buddha, na kando yake ipo nguzo ya Mfalme Ashoka ya karne ya tatu kabla ya Kristo. Lakini Lumbini haidai maisha yote. Mapokeo humtuma hujaji aendelee hadi Bodh Gaya alipopata mwangaza, Sarnath alipofundisha mara ya kwanza, na Kushinagar alipofariki.

Mtu anaweza kunijibu kwamba waumini wa Kimbangu huadhimisha 12 Oktoba kila mwaka, basi kifungo hakijasahauliwa. Ni kweli. Lakini kalenda hutunzwa na aliye ndani ya imani. Mahali huweza kumsemesha hata mpita njia.

Mpita njia huyo ni mimi. Tarehe 11 Aprili 1994, askari wa Umoja wa Mataifa walipoondoka katika shule ya ETO, Watutsi waliokimbilia humo walitoka kutafuta hifadhi kwingine. Walizuiwa karibu na Sonatubes, wakageuzwa, wakapelekwa kilima cha Nyanza na kuuawa. Ukumbusho uko Nyanza, mwisho wa njia. Pale walipogeuzwa, mimi nilikuwa napataja ili nishushwe.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: Nkamba ina mwanzo na mwisho madhubuti, lakini haitoshi peke yake. Anayetaka kumwelewa Kimbangu aianze safari Nkamba, kisha aende Lubumbashi, asimame mbele ya miaka 30, ndipo arudi kaburini.