Betri Mbovu

Hapa Mbezi Luis mnunuzi wa vyuma chakavu hupita akiulizia betri mbovu. Wataalamu huiita kazi hiyo urejelezaji, neno lenye sifa njema mno. Mimi nalitilia shaka. Tindikali humwagwa mchangani kwanza, maana kinachotafutwa ni risasi, na risasi haipatikani bila tanuri. Tanuri la Owino Uhuru, Mombasa, liliwashwa 2007 likafungwa 2014. Risasi ikakutwa katika damu ya watoto. Nalo lilikuwa likirejeleza! Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Teknolojia safi ipo: tanuri lililozibwa, vichujio vya moshi, tindikali kutiwa chokaa. Wenye viwanda husema ni ghali. Bilioni hizo hawajazipigia hesabu.