Tiara, Lehemu na Upepo wa Kusi

Pemba, kisiwa ambacho Waarabu wa kale walikiita Al-Jazira al-Khadra kwa ukijani wake, mtoto huanza kuujua upepo kabla hajazijua herufi, na mwalimu wake wa kwanza katika ilimu hiyo ni tiara. Jina hilo tumelipokea kutoka Kiarabu, kwa maana ya kitu kirukacho, na ndilo hilo hilo ambalo ndugu zetu wa Omani hadi leo huiitia ndege ya abiria. Nami kila nikilitafakari huona kwamba lugha ilikwisha kuvitia katika ukoo mmoja kichezeo cha karatasi na chombo cha chuma, kabla sisi hatujakaa kufikiri.

Tiara njema haiundwi kwa pupa. Kijana huchagua chelewa mbili za mnazi, akaziweka moja moja juu ya ncha ya kidole, na ile inayolalia upande mmoja akaikwangua kwa kisu mpaka ikae sawa, kwa kuwa tiara yenye bawa zito haipai, bali huzunguka na kuanguka kichwa chini. Kisha huzikingamanisha na kuzifunga kwa uzi, akawamba karatasi kwa uji mzito wa unga wa muhogo, na mwisho akatia mkia wa vitambaa, ambao kusi ikivuma kwa nguvu hurefushwa, na wakati wa maleleji hupunguzwa. Wala hayafanyi haya peke yake. Mmoja huishika tiara, mwingine uzi, na wa tatu, aghalabu mzee aliyewahi kuwa nahodha, huketi chini ya mwembe na kusema, "Mwanangu, punguza mkia, upepo wa leo mdogo," na neno hilo moja likawa darasa kwa kila aliyesimama pale.

Mimi kilichoniteka zaidi ni redio. Nilipokuwa kijana, kila nikitoka chuoni nilikwenda kuketi katika kibanda cha fundi mmoja pale Chake Chake, kibanda ambacho kwa haki kingeitwa madrasa, maana hapakukosa vijana watatu wanne waliokuja si kwa ajili ya kutengenezewa, ila kwa ajili ya kutazama. Chumvi ya bahari ndiyo hasimu mkubwa wa redio za visiwani: huingia pole pole, ikautafuna waya wa shaba mpaka ukawa kijani, sauti ikawa inakuja na kupotea. Hapo fundi huchukua lehemu, mchanganyiko wa bati na risasi unaoanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 183, akatufundisha jambo ambalo sijalisahau: kwamba mtu hapashi lehemu, hupasha kiungo, na kiungo kikishapata moto ndicho kinachoiyeyusha lehemu, nayo ikatambaa na kupenya yenyewe. Ikipoa imetulia hung'aa kama zebaki. Ikitikiswa kabla haijaganda hugeuka rangi ya jivu, na redio hiyo itasema siku mbili, kisha inyamaze. Siku moja mkono wangu ulitikisika, na redio ya mzee wa watu ikanyamaza katikati ya taarifa ya habari. Fundi hakunikemea, alinirudishia chuma cha moto mkononi, akasema, "Rudia."

Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kwa msaada wa Benki ya Dunia, walianza kazi ya kuvipiga picha visiwa vyetu kutoka angani, Unguja na Pemba, kwa ndege ndogo zisizo na rubani, na wanafunzi wa chuo hicho ndio waliofunzwa kuzirusha. Ndege yenyewe, eBee, imeundwa kwa povu gumu, upana wa mabawa yake ni sentimita 96, na uzito wake hautimii kilo moja. Mrushaji huishika kwa mikono miwili, akaitikisa mara tatu, injini ikaamka, naye akaielekeza upepo unakotoka na kuiachia. Lau yule nahodha wa chini ya mwembe angalikuwapo, asingalihitaji mkalimani.

Basi natamani, na natamani kwa moyo wote, vikao hivi vitatu viwe kikao kimoja: mkeka utandikwe Chake, au Wete, au Mkoani, Ijumaa baada ya alasiri, waketi juu yake watoto wa tiara, mafundi wa redio, na hao vijana wa ndege za povu, kila mmoja na kilichomharibikia mapajani.

Fundi wangu amekwisha kutangulia mbele ya haki. Kusi iliyopita alinijia mtoto wa ndugu yangu na kijindege chake cha povu, waya wa injini umekatika. Nikapasha kiungo, yeye akaushika waya kwa vidole viwili, pumzi ameizuia, hakutikisika mpaka lehemu ilipong'aa. Kisha tukatoka uani kutazama upepo umegeukia wapi.