Spika Isiyotia Chumvi: Kuchagua Monita za Studio za Bei Nafuu Ngara na Biharamulo

Mtu aliyeimba sauti ya nne katika kwaya ya parokia hana haja ya kufundishwa besi ni nini. Anaijua kwa kifua chake. Akisimama katikati ya wenzake husikia jirani akivuta pumzi kabla ya kipande kuanza, husikia herufi "s" ya soprano ikipasua hewa, na husikia noti ya mwisho ikipanda hadi kwenye kenchi na kufifia polepole. Sauti hiyo haikupita kwenye waya wowote. Hiyo ndiyo mizani yake.

Ninaanzia hapo kwa sababu nimewaona watu wetu, Ngara mjini na Biharamulo pia, wakinunua spika kwa kutazama taa, wati na ukubwa wa boksi, ilhali masikio yao yana kipimo bora kuliko chochote kilicho dukani. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwongozo huu, wa anayetaka kusikiliza muziki wa klasiki nyumbani, una neno moja tu: ipime spika kwa sauti ambayo umeshaisikia bila spika.

Kwa nini monita

Sabufa ya sebuleni imeundwa ipendeze kwa dakika ya kwanza. Besi imejazwa, sauti za juu zimechongwa zing'ae, na katikati, mahali penye sauti ya binadamu, fidla na piano, pameachwa bonde. Kwenye sherehe hilo halina ubaya. Muziki wa klasiki hauvumilii chumvi hiyo, kwa kuwa uzuri wake uko kwenye uwiano: chelo ikiwa chini ya fidla kwa kiasi kile kile alichokitaka mtunzi, na mnong'ono ukibaki kuwa mnong'ono.

Monita ya studio ni chombo cha kazi. Fundi mitambo huitumia kusikia kosa kabla halijaenda hewani. Kazi ya namna hiyo si ngeni kwetu: Ngara ina studio ya redio tangu 1995, Shirika la Kijesuiti la Huduma kwa Wakimbizi lilipoanzisha Radio Kwizera, jina lenye maana ya tumaini. Fundi anayerekebisha sauti ya mtangazaji anahitaji spika inayomwambia ukweli, hata ukweli huo ukiwa mbaya.

Shirika la BBC lilitafuta spika ya namna hiyo kwa bidii kubwa. Katika miaka ya 1970 wahandisi wake waliunda LS3/5A, spika ndogo ya kutumika ndani ya magari ya matangazo ya nje, mahali pasipo na nafasi. Katika kazi yao ya spika walilinganisha sauti hai na spika: mtu anaongea, kisha rekodi ya sauti yake inapigwa, na sikio linaamua kama ni yule yule. Mwanakwaya wa Rulenge au wa Murgwanza anaweza kutumia kipimo hicho hicho bila maabara.

Hata hivyo, jina "monita" peke yake lisikulaghai. Yamaha NS-10, yenye koni nyeupe, ilitoka 1978 ikaenea studio nyingi duniani. Besi yake ilikuwa nyembamba na sauti yake ya katikati ilijitokeza mno. Mafundi waliipenda kwa kuwa ilianika makosa, lakini kuisikilizia simfoni saa nzima kunachosha. Unatafuta spika iliyo kweli na tulivu kwa pamoja.

Namba chache zinazostahili kujulikana

Noti ya chini kabisa ya fidla ni 196 Hz. Ya chelo ni 65 Hz hivi, ya besi kubwa ya nyuzi nne ni 41 Hz, na piano hushuka hadi 27.5 Hz. Sauti ya nne ya kwaya ikigusa mi ya chini iko karibu na 82 Hz. Sasa tazama spika zinazopatikana kwa bei nafuu.

PreSonus Eris E3.5, yenye koni ya inchi 3.5, hushuka hadi 80 Hz kwa maelezo ya watengenezaji wake. Maana yake kwaya itatimia, fidla itatimia, lakini mguu wa chelo utabaki nje ya mlango. Kwa miaka mingi jozi yake iliuzwa Marekani kwa dola 100 hivi, kabla ya usafiri na ushuru, na kwa chumba kidogo cha mwalimu au mwanafunzi ni mwanzo wa heshima.

Koni za inchi 5 ndizo ninazopendekeza kwa wengi. JBL 305P MkII inaandikwa 43 Hz, Yamaha HS5 inaandikwa 54 Hz. Namba hizo zisomwe kwa uangalifu, kwa sababu mara nyingi hupimwa pale sauti ilipokwisha kupungua desibeli 10, na sikio husikia upungufu huo kama nusu ya ukubwa wa sauti. Hivyo 43 Hz ya karatasini si 43 Hz ya kifuani. Ukitaka besi kubwa ya okestra ifike kwa heshima, panda hadi inchi 6.5, mfano Kali LP-6 au Yamaha HS7, ila uwe na chumba cha kutosha. Besi kubwa katika chumba kidogo ni tembo ndani ya kibanda.

Wati zisikusumbue. Ukikaa mita moja au moja na nusu kutoka kwenye spika, wati 40 za kweli kwa kila koni zinatosha kupiga simfoni ya Beethoven mpaka majirani waulize. Chunguza jambo jingine: mchemko. Washa spika bila muziki, sogeza sikio. Nyingi hutoa "shhh" hafifu. Anayesikiliza dansi hataijua kamwe, ila anayesikiliza kwarteti ya nyuzi ikinyamaza katikati ya kipande ataijua kila usiku. Ukiisikia ukiwa umekaa kwenye kiti chako, rudisha.

Majaribio matano

Nenda dukani na muziki wako kwenye simu au flashi, faili za CD au MP3 za 320 kbps, si zile zilizokamuliwa hadi 128. Omba kitufe cha kuongeza besi kizimwe. Punguza sauti hadi kiwango cha watu kuongea, kwa sababu spika mbaya hujificha nyuma ya kelele.

La kwanza ni Aleluya Kuu ya Handel, kutoka *Messiah*, iliyoimbwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1742. Kwaya zetu zinaijua. Kuna mahali ambapo sauti za juu hushika noti ndefu na kupanda ngazi kwa ngazi, huku sauti nyingine zikijibu kwa vipande vifupi chini yake. Fumba macho ufuate sauti yako mwenyewe, ile unayoimba Jumapili. Ukiweza kuifuata tangu mwanzo hadi mwisho bila kupotea, sehemu ya katikati ya spika ni safi. Ikizama kwenye uji wa sauti, weka chini.

La pili ni chelo peke yake: Bach, Suiti ya Kwanza, kipande cha ufunguzi. Chelo hutembea noti baada ya noti, na mwishoni hupanda kwa nusu toni. Kila noti iwe na uzito unaolingana na jirani yake. Ikiwa moja inavuma na inayofuata inakonda, hiyo ni besi ya noti moja, ugonjwa mkuu wa sabufa. Sikiliza pia upinde ukikwaruza uzi: mkwaruzo huo ni sehemu ya muziki, na spika inayoulainisha inakudanganya.

La tatu ni piano. Piano ni chombo cha kupigwa: nyundo inagonga waya, kisha waya unalia na kufa. Sikiliza vitu hivyo viwili, pigo na kifo. Pigo likiwa butu, spika ni nzito, na noti ikikatika kabla ya wakati, spika haina upole.

La nne liko karibu na nyumbani. Mtunzi wa Uganda Justinian Tamusuza aliandika kwarteti ya nyuzi iitwayo *Mu Kkubo Ery'Omusaalaba*, na Kronos Quartet wakaiweka kwenye albamu yao *Pieces of Africa* ya 1992. Vyombo vinne vya Ulaya vinacheza mapigo ambayo mwili wa mtu wa ukanda huu wa Ziwa Viktoria unayatambua. Spika nzuri itakuonyesha watu wanne wamekaa mahali pao, kushoto hadi kulia, kila mmoja akidakia pigo la mwenzake. Spika mbaya itakupa kundi moja lililosongamana.

La tano ni inanga ya kunong'ona, uimbaji unaofuatana na chombo cha nyuzi kiitwacho inanga, kutoka Burundi, ng'ambo tu ya mpaka wa Kabanga. Mwimbaji hanyanyui sauti. Ananong'ona juu ya nyuzi nzito, na kwa sababu mnong'ono hauna noti, nyuzi ndizo zinazoubebea wimbo. Sijui jaribio gumu kuliko hili kwa spika ya bei yoyote. Ukisikia midomo na nyuzi kama kitu kimoja kinachotoka mahali pamoja, koni na twita, yaani kispika cha sauti za juu, zinaelewana. Ukisikia pumzi huko juu na mlio huko chini, vimeachana.

Chumba ni nusu ya spika

Nyumba ya tofali za kuchoma, sakafu ya saruji, madirisha ya vioo na paa la bati ni kali kwa sauti. Piga kofi moja katikati ya chumba: ukisikia mlio wa "tring" ukirudi, spika yoyote utakayoleta italia hivyo. Nyumba za msonge za zamani katika mkoa wetu wa Kagera, zenye kuezekwa kwa nyasi na kutandikwa nyasi chini, zilimeza mwangwi huo. Tuige busara yake. Tandika mkeka mnene au zulia mbele yako, ning'iniza pazia zito, panga rafu ya vitabu ukutani, weka godoro lililosimamishwa kwenye kona. Magunia ya kahawa au mahindi yakiwa chumbani, yaache, yanasaidia.

Kisha panga spika. Wewe na spika mbili muwe pembetatu yenye pande sawa, twita zikiwa usawa wa masikio. Usizisukumize ukutani, hasa kama tundu la hewa liko nyuma. Ukuta huongeza besi na kuichafua. Kama hakuna nafasi, tumia swichi ya nyuma ya kupunguza besi, ambayo monita nyingi za inchi 5 kwenda juu zinayo. Pembetatu sahihi kwa spika za bei ya chini inashinda spika ghali zilizopandishwa juu ya kabati.

Umeme na waya

Maporomoko ya Rusumo yako mpakani mwa wilaya ya Ngara na Rwanda, na umeme wa mtambo wake wa megawati 80 unagawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Bado umeme wa nyumba yoyote hupanda na kushuka, na amplifaya iliyo ndani ya monita huumizwa na kurudi kwa ghafla. Kifaa kile kile cha kulinda friji kinatosha. Wanaotumia sola wachunguze inveta: ile ya bei ya chini isiyotoa wimbi laini huleta mnguruo ambao hakuna spika itakayouficha.

Kwa simu au laptop, na monita ambazo kila moja ina amplifaya yake, nunua waya wenye jeki ndogo ya stirio upande mmoja na jeki kubwa mbili za mono upande wa pili, moja kwa kila spika. Wengi huchomeka waya wa stirio mzima kwenye spika moja, kisha hushangaa kwa nini mwimbaji aliyesimama katikati ametoweka na kubaki mwangwi wake. Spika si mbovu. Inatoa upande mmoja kwenye mwingine, na kilichokuwa katikati kinafutika. Laptop ikinguruma ikiwa kwenye chaji, chomoa chaja. Ukipata kimya, tafuta fundi wa eathi kabla hujamlaumu muuzaji.

Ukinunua mtumba

Spika zilizotumika kutoka Mwanza, Kariakoo au Kigali zinaweza kuwa bahati njema, ukikagua. Bonyeza koni taratibu kwa vidole vilivyotawanyika: ikikwaruza, koili imepinda. Tazama ukingo wake: raba hudumu, sponji hupukutika. Nusa tundu la hewa kama lina harufu ya kuungua. Hakikisha zote mbili ni modeli moja. Na soma nyuma: zilizoletwa kutoka Marekani huenda zimewekwa volti 115, na ukizichomeka kwenye 230 yetu utasikia mlio mmoja tu, wa mwisho.

Jaribio la kufunga

Kabla ya kutoa pesa, fanya jambo moja. Jumapili, wakati wa mazoezi baada ya misa, weka simu au kinasa sauti kwenye benchi la mbele, zima mikrofoni za kanisa, na rekodi kwaya yenu ikiimba wimbo mmoja. Beba rekodi hiyo hadi dukani. Rekodi itakuwa na kasoro, lakini wewe ulikuwepo. Unajua nani alisimama wapi, nani alichelewa kuingia, na kenchi zilijibu vipi. Hakuna muuzaji anayeweza kukubishia juu ya sauti hiyo.

Sikiliza kwa utulivu. Ukijikuta unavuta pumzi pamoja na wenzako kabla ya kipande kuanza, lipa.