Mafuta Huja Mwisho

Msaji unaouzwa Arua mara nyingi umepitia Koboko. Waingereza walipanda misitu ya mti huu katika Ikweta ya Sudan Kusini, ikiwamo ule wa Kagelu karibu na Yei, na mbao zake huvuka mpaka kutoka Kaya, huingia Oraba, kisha hushuka kwa barabara ya lami inayoishia Vurra, kilomita 92 kwa jumla. Ndiyo njia iliyofuatwa na mbao za baraza moja la nje, kwenye nyumba ya wageni mjini Arua. Fundi aliyezichagua anatoka Koboko. Alizikagua moja moja pale pale zilipokuwa zikishushwa, akaukataa kila ubao wenye ukingo mweupe. Weupe huo ni sehemu ya nje ya gogo, na mchwa huila kama wanavyokula mbao nyingine zozote. Kiini cha kahawia ndicho chenye mafuta yake ya asili ambayo mchwa hawayapendi.

Mbao zilizobaki alizipanga chini ya paa, kila safu ikitenganishwa na nyingine kwa vijiti vya unene mmoja ili upepo upite. Hakuzigusa mpaka kiangazi kiliposhika. Ubao uliopigwa skrubu ukiwa mbichi hujikunja, na ubao uliojaa maji hauna nafasi ya kupokea mafuta. Mwezi wa kwanza, hewa ya Arua ilipokuwa kavu hadi midomo inapasuka, alianza kuzinyanyua na kuzigonga kwa kifundo cha kidole. Zile zilizokuwa bado nzito alizirudisha.

Mihimili ilikuwa ya mkaratusi, mti ambao wakulima wa tumbaku wa West Nile wameupanda kwa wingi kwa ajili ya kuni za kukaushia majani. Ilikaa juu ya vitalu vya zege, mbali na udongo. Chini ya baraza fundi aliacha nafasi ya kutosha mtu kuinama na kuchungulia, kwa sababu mchwa hujenga vichuguu vya udongo wanapopanda, na kichuguu kinachoonekana mapema hubomolewa mapema. Kabla ubao wowote haujalazwa, aliupaka mafuta mgongoni, upande ambao hakuna mgeni atakayeuona tena. Vichwa vya mbao, pale msumeno ulipokata nyuzi, alivipaka mara tatu. Vinakunywa kuliko sehemu nyingine yoyote, na maji ya mvua huingilia hapo hapo.

Kulaza mbao kulikwenda taratibu. Kati ya ubao na ubao aliweka msumari wa inchi nne, akabana, akautoa; pengo lililobaki ndilo njia ya maji. Pima maji haikuonyesha usawa kamili, naye hakutaka usawa: baraza liliinama kidogo kuuacha ukuta wa nyumba. Kila tundu la skrubu lilitobolewa kwanza kwa drili, kwa kuwa msaji hupasuka ukilazimishwa. Mti huu una chembe ngumu kama mchanga ndani yake, na makali hayadumu. Randa yake ilirudi kwenye jiwe la kunolea mara nyingi, na kila mara aliijaribu kwa nywele za mkono kabla ya kuendelea.

Kisha msasa. Namba 60, halafu 80, halafu 120, daima kufuata nyuzi. Hapo akaacha. Mtu asiyejua angeendelea hadi ubao ung'ae, lakini ubao laini mno hufunga vitundu vyake, mafuta hayaingii, na mvua ikinyesha mguu unateleza. Jioni, jua lilipolala, alichuchumaa na kutazama mwanga ukipita juu ya mbao. Mikwaruzo ambayo mchana haikuonekana ilijitokeza yote. Akaiondoa, akafagia vumbi, akapangusa kwa tambara lenye tapentaini ili kuondoa mafuta ya msaji yaliyojitokeza juu.

Mafuta yalikuwa ya kitani, yale yaliyochemshwa, na mkono wa kwanza aliyachanganya na tapentaini yawe mepesi. Hakupaka mchana, maana ubao wenye joto huyakausha kabla hayajazama. Alichukua mbao mbili kwa wakati mmoja, akaenda nazo toka mwanzo hadi mwisho bila kusimama, pasibaki alama ya brashi katikati. Akangoja kama robo saa. Palipokauka akaongeza. Halafu ikaja sehemu ninayoistahi kuliko zote: alifuta. Alifuta kwa nguvu na kwa muda mrefu kuliko alivyopaka, akibadilisha matambara, kwa sababu mafuta yanayobaki juu hugeuka utando wa kunata, na vumbi jekundu la Arua haliondoki humo. Kijana aliyemsaidia alidhani amemaliza.

"Rudi nyuma, mwanangu," akamwambia. "Hapo bado kunang'aa."

Mwenye nyumba alikuwa ameomba vanishi. Fundi alimwonyesha mlango wa jirani: vanishi ilikuwa imepasuka kwa jua, maji yameingia chini yake, mbao zimekuwa nyeusi. Mafuta hayapasuki, kwa sababu yamo ndani ya ubao. Mabaharia wa pwani walijua hivyo walipopaka majahazi yao sifa, yaani mafuta ya papa, wakirudia kila ilipohitajika.

Matambara hakuyarundika. Mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto, na rundo lililoloa linaweza kujiwasha lenyewe. Aliyatandaza moja moja juu ya kokoto. Akapaka mkono wa pili siku iliyofuata, akafuta tena vilevile.

Siku ya kukabidhi alimweleza mwenye nyumba: "Mama, kila mwezi wa pili, kabla ya mvua, mwagia maji kidogo. Yakisimama matone matone, acha. Yakizama na ubao ukawa mweusi, niite. Na hivi vyungu vya maua viwekee miguu, maana chini ya chungu hapakauki."