Mlima wa Tukuyu na Giaboksi ya Mark X

Kyela mjini ni mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, juu kidogo tu ya maji ya Ziwa Nyasa. Gari likitoka hapo hadi Tukuyu linakuwa limepanda mita 1,000, na mlima bado haujaisha. Ukivuka Kiwira unaendelea kupanda mpaka Isyonje, zaidi ya mita 2,000, ndipo barabara inapoanza kuteremka kuelekea Igawilo na Uyole.

Mark X ikiua giaboksi kwenye njia hii, vijiweni hukumu ni moja: dereva alikuwa anakimbiza, na oto haitaki fujo. Hukumu hiyo naipinga. Mwendo wenyewe si mkosaji. Giaboksi inakufa kwa joto na kwa oili mbovu, na mlima wa Tukuyu unaonyesha vizuri jinsi inavyokufa.

Tupige hesabu. Mark X ya kwanza, iliyotoka mwaka 2004, ya cc 2,500 na gia 6, ina uzito wa kilo 1,500 hivi. Pakia watu wanne na gunia la mchele wa Kyela, unakaribia kilo 1,900. Kuinua mzigo huo mita 1,000 kunakula jouli milioni 18 na zaidi, hapo hujahesabu upepo wala matairi. Zote zinapita ndani ya giaboksi.

Kati ya injini na gia kuna tokonveta. Ni kama feni mbili zinazotazamana ndani ya oili: moja inazungushwa na injini, nyingine inasukumwa na oili inayorushwa na mwenzake. Ya pili inabaki nyuma kidogo, na kile kinachopotea hapo kinageuka joto. Ikipotea asilimia 10 tu kutoka Kyela hadi Tukuyu, jouli milioni 2 zinaishia kwenye oili. Tuseme oili ni lita 8: bila kupozwa, ingepanda nyuzi 150.

Waliounda giaboksi hii walilijua hilo. Wakaweka klachi ndani ya tokonveta, inayozifunga feni hizo zizunguke pamoja kama kitu kimoja, na wakaipitisha oili kwenye rejeta ipoe. Kwa hiyo dereva anayepanda kwa kasi, lakini kwa mguu uliotulia, anapanda klachi ikiwa imeshika na joto linakuwa dogo.

Taabu inaanza nyuma ya lori. Limebeba mzigo, linakwenda kilomita 20 kwa saa, nawe unajikokota nyuma yake kwenye gia ya 2. Klachi imeachia, feni zinateleza, na upepo wa kupoza rejeta ni haba. Ukiona nafasi unakanyaga mafuta mpaka chini. Giaboksi inashusha gia, feni zinateleza zaidi, na pleti za klachi za gia zinabadilishana mzigo mzito katika nukta chache. Unapita, mbele unakuta lori jingine. Fanya hivyo mara 15 kabla ya Kiwira, na oili imeshaungua, wakati spidi yako ya wastani haifiki hata 50.

Urefu wa mlima nao unachangia. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100. Farasi 215 za Mark X, zikifika Isyonje, zimepungua kwa kama asilimia 20. Dereva anaona gari limekuwa zito, anazidi kukanyaga, na kompyuta inayumba kati ya gia ya 4 na ya 5.

Dawa iko mkononi mwake, nayo ni kuweka gia kwenye S. Ukichagua 4, giaboksi haipandi zaidi ya hapo, na kule kuhangaika kunapungua. Kwenye mteremko chagua 3, injini ikusaidie kushika gari badala ya kuziachia breki kazi yote. Wengi wanakaa na S miaka mitano bila kuigusa, wakidhani ni ya mbio, kumbe ni ya milima.

Upande wa oili ndipo naona uharibifu mkubwa kuliko wote. Mark X inatumia oili ya Toyota iitwayo WS, nyepesi kuliko haidroliki nyekundu ya kawaida. Fundi akiweka ya kawaida kwa sababu rangi zinafanana, klachi ya tokonveta inaanza kushika kwa kushtuka, na gari linatetemeka kwenye mwendo wa kati kana kwamba limepita juu ya vijituta. Tena giaboksi hii haina stiki ya kupimia. Kuna nati ya chini inayofunguliwa injini ikinguruma, na oili inatakiwa iwe kwenye nyuzi 40 hivi. Kyela mchana, gari lililotoka barabarani limeshavuka nyuzi hizo zamani. Oili imevimba, inamwagika nyingi, fundi anafunga akijua kapima sawa. Ikipoa, imepungua. Kwenye kona za mlimani pampu inavuta hewa, pleti zinateleza na kuungua. Kazi hii ifanywe alfajiri, gari likiwa limelala.

Wenye BMW wasijione wamepona. ZF, kampuni ya Ujerumani inayoziunda giaboksi zao nyingi, inashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, ingawa wauzaji wa magari walizoea kusema ni ya maisha.

Kuna hatari ya maji pia. Mto Mbaka au Kiwira ukifurika, usiingize gari la chini kwenye maji. Giaboksi ya moto ikizamishwa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa na maji yanavutwa kupitia kipumulio. Pleti za klachi zimebandikwa karatasi maalumu kwa gundi, na maji yanaibandua. Oili ikigeuka rangi ya maziwa yenye waridi, usiendeshe tena. Rangi hiyohiyo huja rejeta ikipasuka kwa ndani.

Kwa hiyo wewe unayetaka kununua Mark X au Crown iliyotumika, usilijaribu gari hilo kwenye tambarare ya Ipinda. Lipandishe kutoka Ibanda hadi Tukuyu, nyuma ya malori, oili ikiwa ya moto. Ukifika juu simama, weka D, kisha R, kisha D. Likichelewa kushika au likigonga, mrudishie mwenyewe ufunguo wake.