Jani Huonjwa Kwanza

Mkulima wa Vihiga aliyebobea katika kurutubisha shamba kwa majani haanzi na jembe. Huchuma jani, akalikunja, akalichana, na akiwa bado na shaka hulitafuna kidogo. Jani la kijani kilichokolea, linalochanika bila ubishi na lisiloacha ukakasi mdomoni, litaoza upesi. Lenye ukakasi litajivuta ardhini msimu mzima, hata kama lina rutuba tele. Wataalamu wa udongo hueleza habari za tanini na lignini zinazoichelewesha naitrojeni isiufikie mmea. Ulimi hutoa jibu hilohilo palepale shambani, bure.

Kaliandra, tunayoisifu kwa kulisha ng'ombe wa maziwa, haifui dafu hapa. Linaloshinda ni alizeti mwitu, kichaka cha maua ya manjano chenye asili ya Mexico na Amerika ya Kati, ambacho magharibi mwa Kenya kimejaa kandokando ya njia na kwenye nyua za maboma. Jani lake ni chungu kama shubiri, ila halina ukakasi. Ukilifukia kwenye udongo wenye unyevu, katika wiki moja hivi nusu yake imekwisha kuoza. Mtafiti Bashir Jama na wenzake, katika mapitio yao ya mwaka 2000 kuhusu kichaka hiki, walitaja kwenye majani makavu takriban asilimia 3.5 ya naitrojeni, 0.37 ya fosforasi na 4.1 ya potasiamu.

Ufundi wenyewe umo katika kukata. Vitawi vichanga huchukuliwa pamoja na majani. Shina lililokwisha kuwa gumu hupelekwa jikoni kuwa kuni. Panga huyakatakata vipande vidogo, yakatandazwa na kufukiwa yangali mabichi, si chini sana, pale mizizi itakapopita. Mbegu husubiri kidogo ili joto la kuoza lipungue. Anayefanya haya kwa mazoea huonekana kama hana haraka, na bado humaliza tuta kabla ya jirani yake.

Lakini kazi ni nzito, tusidanganyane. Kipimo kilichotumika sana katika majaribio ni tani 5 za majani makavu kwa hekta. Jani bichi ni maji kwa kama asilimia 80, kwa hiyo ekari moja inadai takriban tani 10 za kukatwa, kubebwa na kufukiwa. Ndiyo maana wajuzi huyaweka kwenye sukuma wiki na nyanya zilizo karibu na nyumba, mazao yanayoleta pesa ya wiki, na mahindi wakayatafutia samadi. Uamuzi huo una akili kuliko semina nyingi.

Tena wanajua kwamba kichaka hiki si jamii ya kunde. Hakivuni naitrojeni hewani. Kinachotoa kimekichota mahali kilipoota. Basi ua hukatwa kwa zamu, upande mmoja ukivunwa mwingine unachipua. Na kwa kuwa sehemu nyingi za udongo wa huko zina uhaba wa fosforasi, ambayo majani peke yake hayawezi kuitosheleza, anayemudu huongeza unga wa mawe ya fosfeti yanayochimbwa Minjingu, ng'ambo ya mpaka, mkoani Manyara.